Mkwe Nyuma ya Boneti

Kwa miaka miwili na ushei niliyoishi uani kwa mama mkwe wangu, Bi Biasha, sikuwahi kumwona uso, wala yeye wangu. Nilimjua kwa sauti, kwa kikohozi chake cha alfajiri, na kwa nyayo zake zilizoharakisha mchangani kila aliponisikia natoka chumbani. Tukikutana njiani, yeye hugeukia kulia akaingia majanini, mimi hugeukia upande wa pili. Siku moja tuligeukia upande mmoja, tukachomwa na miiba ileile, kila mtu amejifunika macho. Cheka tu, nimeshazoea kuchekwa. Ndiyo heshima ya Nandagala, na kwetu Newala ni hivyohivyo: mkwe na mkwe hawatazamani wala hawasemezani mpaka mtoto azaliwe na wakubwa wawakutanishe.

Akiwa na neno nami, alimwambia kuku. Alikuwa na tetea mmoja mweusi, mkia hana, sijui ulikwenda wapi. "Kuku wee, mtu akirudi, ugali uko chini ya kawa." Nami humjibu kuku yuleyule: "Kuku, mtu amekula, ameshiba, ahsante." Kuku yule alijua mambo ya nyumba ile kuliko jumbe.

Mimi nililetwa huku na karanga. Wazungu walikuja Nachingwea baada ya vita, wakang'oa pori kwa matrekta, wakasema watapanda karanga za kulisha nchi nzima ya kwao. Watu tulitoka kila upande kufuata kazi. Miaka michache tu karanga zikakataa, wazungu wakafunga virago, sisi tukabaki na mikono yetu. Wakati huo nilikuwa nimeshamwona Mwantumu sokoni Ruangwa, akiuza ufuta kwa kopo na kucheka na wateja mpaka wanasahau kuhesabu. Nilimpenda, sitaki kuzunguka. Nilipokwenda kuposa wakaniuliza kazi yangu nini. Nikasema mimi ni fundi wa magari.

Hapo nilidanganya. Gereji ya karanga ilikuwa na fundi mmoja wa kweli, Kornel, mtu wa Mnero, na mimi nilikuwa mshika taa wake. Yeye akiingia chini ya gari, mimi namulika. Akisema kushoto, napeleka kushoto. Spana nilizijua kwa majina kama mtoto anavyojua majina ya wajomba zake, lakini kazi yenyewe niliiona kwa nyuma ya bega la mtu mwingine. Na mara nyingi, Mungu anisamehe, nilikuwa natazama kwingine.

Huku kwa Wamwera mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, na wakwe wanalitazama jembe lake. La kwangu lilikuwa na aibu. Mwaka wa kwanza walinivumilia. Mwaka wa pili, 1953, nikapewa shamba la ufuta, na ufuta hauna mchezo: maganda ya chini yakianza kugeuka manjano unakata, unafunga matita, unasimamisha. Ukichelewa siku chache maganda yanapasuka yenyewe na mavuno yote yanashuka mchangani. Siku zilezile mjomba wake Mwantumu, Mzee Abdala wa Ruponda, akaniita nimsindikize Nachingwea, kwani magari ya karanga yaliyobaki yalikuwa yanauzwa. Aliniambia siku moja. Mimi nilikaa siku nne, nazunguka yale magari kama inzi. Mzee Abdala alinunua gari moja dogo la mizigo, la mwaka ule vita vilipoanza, kwa sababu mimi nililigonga mlango nikasema, "Injini nzima, mjomba." Nilipofika nyumbani, ufuta ulikuwa umeshapasuka. Nilisimama katikati ya mabua matupu, nikaingia ndani, nikalala siku tatu uso ukutani.

Na gari lenyewe likawa linasita. Likisimama lilinguruma vizuri. Likishika mwendo lilikwenda. Lakini ukikanyaga mafuta, pale unapolitaka liondoke, lilinyamaza kama mtu aliyeitwa ghafla usingizini, likakohoa, ndipo likashtuka na kuruka. Kwenye tambarare unavumilia. Kwenye mlima ni kifo. Kabla hujafika Ruponda upo mlima mmoja wa mawe na kona, na gari lile lilisitia pale katikati, likazimika, likaanza kurudi nyuma na Mzee Abdala ndani yake.

Alikuja Nandagala mwezi wa nane, gari linavutwa na ng'ombe wa kuazima. Baba yake Mwantumu alikuwa amefariki, lakini hata angekuwa hai isingebadilisha kitu, maana huku mjomba ndiye mwenye mtoto. Alilala kwetu, na kesho yake akaniita barazani.

"Bwana Adinani, sina ubaya nawe," akasema. "Dada yangu hana mtoto wa kiume. Nyumba hii ikikosa mlimaji, njaa itaingia kwa mlango wa mbele. Jembe limekushinda. Haya, nakupa jembe lako mwenyewe ulilolisifu, hilo hapo. Litengeneze. Likipanda mlima wa Ruponda bila kusita kabla mvua ya kwanza haijanyesha, mkeo ninayemchukua leo atarudi nalo. Mvua ikitangulia, nitamtafutia mtu wa kupanda naye. Kupanda hakumngojei mtu."

"Nimesikia, mjomba," nikasema. Alikuwa na haki.

Mwantumu akafunga nguo zake kwenye kaniki. Mlangoni aliniambia kwa sauti ya chini, "Usilipige teke, bwana. Nimekuona jana." Kisha akacheka kidogo, macho yamejaa maji, akamfuata mjomba wake kwa miguu. Mtungi wake wa maji aliuacha, na mimi kila siku niliujaza, ingawa maji ya mtungi mzima hayana mnywaji wakati mtu yuko peke yake.

Nilifanya yote niliyokumbuka. Nilisafisha plagi kwa majivu. Nilipuliza mirija ya petroli mpaka kichwa kikazunguka. Nilifungua tanki nikatoa kutu na kiota cha nyigu. Yalipokwisha hayo ikabaki kabureta, na kabureta ndiko elimu yangu ilikokoma. Nilijua ina skrubu ubavuni, na kwamba Kornel alikuwa anaizungusha huku sikio lake likisikiliza, na mtu wa pili ndani anakanyaga pedali. Mikono miwili kwenye kabureta, mguu kwenye pedali. Wapo mafundi wanaovuta fimbo ya mafuta kwa mkono wao wenyewe, lakini kwenye gari lile ilipita ubavuni mwa bomba la moto, na mkono niliouunguza siku ya kwanza ulinitosha.

Nikamwomba jirani yangu Isihaka anikanyagie. Isihaka ni mtu mwema ila ana mguu wa kuua nyoka. Alikanyaga mara moja kwa nguvu zake zote, kabureta ikalipuka paa, ndimi za moto zikanichoma nyusi, na Isihaka akatoka kwa mlango ambao haukuwa umefunguliwa. Jioni ile Nandagala yote ilijua kwamba gari la Mzee Abdala lina shetani wa Kizungu aliyeachwa na karanga. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekubali kuweka mguu wake mle. Nilibembeleza, nikakasirika, nikatukana. Wakanionea huruma na wakaendelea kukataa.

Mwezi wa kumi na moja ukafika. Joto likapanda mpaka mbuzi wakawa wanalala mchana kutwa. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa kusini, yakitawanyika jioni na kurudi kesho yake mazito zaidi. Kila mtu aliyafurahia isipokuwa mimi. Asubuhi moja watu wote wa jirani walikwenda kuokota korosho, na uani nikabaki mimi, gari, na Bi Biasha nyuma ya uzio wake akianika mihogo. Boneti ya gari lile ilifungukia mbele, ikasimama wima mbele ya kioo, pana kama mlango. Nilikuwa nimeinama chini yake na kusema peke yangu.

"Mguu mmoja tu," nilisema. "Dunia nzima ina miguu, mimi sina wa kukanyaga."

Nyuma ya uzio mihogo ikanyamaza.

"Kuku wee," ikasema sauti. "Muulize mtu, gari linataka nini hasa?"

"Kuku, linataka mguu. Uweke pole, kisha ushuke kwa ghafla ninaposema. Wala si mguu wa nguvu."

Nikasikia kopo linawekwa chini. Nikasikia nyayo zikizunguka mbali, upande wa nyuma, pole pole. Mlango wa gari ukalia, springi zikashuka kidogo. Nilibaki nimeinama, siamini. Mbele ya macho yangu palikuwa na bati jeusi tu.

"Gari," ikasema sauti kutoka upande wa pili wa bati, "mguu umefika."

Mkwe wangu ameketi kiti cha dereva, hatua mbili kutoka nilipo, na kati yetu kuna boneti. Nikajiuliza kama ni haramu. Nikajijibu kwamba mimi simwoni. Nikaliambia gari.

"Gari, pedali ni ile ya kulia kabisa."

"Gari, kulia kwa mkono wa kulia chakula?"

"Ndiyo, gari."

"Haya. Nimeiona. Ni ndogo kama ulimi wa mbuzi."

Nikazungusha hendeli, injini ikawaka. Nikashika skrubu. "Gari, kanyaga." Mguu ule ulishuka kwa adabu kama mtu anayejaribu maji ya moto. Gari likanyamaza, likakohoa, likashtuka. Nikalegeza skrubu nusu mzunguko. "Kanyaga." Likasita. Nikalegeza tena. Likasita, na moshi mweusi ukatoka nyuma. Nikaikaza. Likasita na kuzima. Nikawasha upya. Tulikwenda hivyo mpaka jua likawa utosini, na mguu wa upande wa pili wa boneti haukulalamika hata mara moja.

Mwishowe ikawa yeye aliyeanza kusema.

"Gari, nauliza, mie sijui vyuma. Ukiwa umetulia, unapumua vizuri?"

"Vizuri, gari."

"Ukishika mbio, unakimbia?"

"Linakimbia."

"Basi shida yako ni pale unapoitwa. Unaitwa, huna kitu kinywani. Sasa mtu anakuminya nini hapo unapopumulia?"

Alikuwa amesema kweli, na kwa kuwa alikuwa amesema kweli nilikasirika. Hiyo ndiyo tabia yangu, siwezi kuificha. Miezi mitatu nimezungusha skrubu moja, na mwanamke mwenye unga wa mihogo mikononi ananionyesha kwa maneno mawili kwamba hapo sipo panapouma. Nikalipiga gurudumu teke.

Kisha sauti, bila ukali wowote: "Gari, nilijua zamani. Fundi hapigi gari teke."

Sijui ilikuwa nini. Labda joto, labda yale mawingu. Labda ni kwa sababu hapakuwa na uso wa kutazamwa. Nikaliambia gari kila kitu. Nikasema mimi si fundi, sijawahi kuwa, nilikuwa mshika taa. Nikasema niliogopa kunyimwa binti yake. Nikasema kila nyumba ya Nandagala inayoniita fundi inaniwasha kama upupu. Nilipomaliza, nilishika ukingo wa boneti nikangoja aniambie nifungashe nguo zangu.

"Gari," akasema, "mtu akishika taa, huyo aliyeshikiwa anafanya nini? Si anafanya pale panapomulikwa? Akumbuke palimulikwa wapi."

Nikafumba macho. Nikamwona Kornel, mgongo wake umeloa jasho, na gari jeusi la bwana mkubwa mmoja linalosita kama hili. Nikaona taa yangu mkononi. Nakumbuka siku ile nilikuwa natazama mwanya wa ukuta, kuna mtu anakaanga samaki. Lakini mkono wangu ulikuwa umetulia, na mwanga ulikuwa umetua mahali. Kornel alichomoa kipistoni kidogo kutoka ubavuni mwa kabureta, si kikubwa kuliko kidole gumba, chenye kofia ya ngozi mwishoni. Akakigeuzageuza. Akasema, zaidi kwa nafsi yake, kwamba hii ndiyo inayolitemea gari mate mguu unaposhuka, lisikaukiwe. Kisha akasema, "Inua taa, wewe, unamulika samaki?"

Nikachukua bisibisi. Skrubu tatu, kifuniko, springi moja nyembamba, na kile kipistoni kikatoka. Kofia yake ya ngozi ilikuwa imekauka na kujikunja kama ganda la mhogo la juzi. Gari lilikaa miaka bila petroli kwenye ua wa karanga, ngozi ikasinyaa, na sasa ilikuwa inapanda na kushuka tunduni bila kugusa kuta. Mguu unashuka, pampu inashuka, petroli haitemwi. Gari linaitwa, halina kitu kinywani.

"Gari, umeona nini?"

"Ngozi. Imekauka. Inataka mafuta ya kulainika, na mimi nina oili chafu tu, itaiua kabisa."

Springi zikapanda. Mlango ukalia. Nikageuza uso kuelekea mkorosho, nikasikia nyayo zikienda na kurudi. Kitu kikawekwa juu ya madigadi, bati linalofunika gurudumu, karibu na mkono wangu. Niliporudisha macho nikawahi kuuona mkono wake ukiondoka: mkono mwembamba, kidole cha shahada kimepinda. Alikuwa ameacha kichupa cha dawa kilichozibwa kwa gunzi, na ndani yake mafuta ya rangi ya asali.

"Gari, hayo mafuta ya ufuta. Masafi."

Nikashangaa. "Gari, ufuta wa wapi? Mwaka huu nyumba hii haikuvuna."

Springi zikashuka tena.

"Ni ule ule. Mtu alipokuwa amelala, mie na mwanangu tulikwenda shambani na fagio. Siku tatu tulizoa mchanga, tukapepeta, tukaosha, tukapepeta. Ulitoka kikapu kimoja na nusu. Tulikula mwingine, mwingine nikakamua. Sikumwambia kaka yangu, wala mwanangu sikumruhusu amwambie mtu. Mtu alikuwa na aibu ya kumtosha."

Nililia. Ninasema wazi, mwanamume mzima, nilisimama na kile kipistoni mkononi nikalia mpaka machozi yakadondoka kwenye injini ya moto yakachemka. Niliwaona wawili wale, wamechutama juani, wanachagua punje mchangani, na mimi nimeupa ukuta uso. Nashukuru boneti ilikuwa juu.

"Gari linavuja?" akauliza.

"Kidogo, gari. Litakauka."

Tuliiloweka ile ngozi kutoka adhuhuri mpaka alasiri kwenye kifuniko cha kopo. Ikanywa, ikaanza kulegea. Nikapanua midomo yake kwa kijiti cha bua la mtama, pole pole, mpaka ikasimama kama kikombe. Nikairudisha tunduni, na safari hii niliisikia inashika kuta. Nikafunga kifuniko. Ile skrubu ya ubavuni nikaizungusha mpaka mwisho, kisha nikairudisha mzunguko mmoja na nusu, kwani hiyo nilikumbuka, Kornel alikuwa anahesabu kwa sauti.

Nikapiga hendeli. Likawaka.

"Gari," nikasema, "kanyaga."

Mguu ukashuka. Gari halikunyamaza wala halikukohoa. Lilijibu palepale, kwa sauti moja nzima, na kuku akaruka juu ya uzio. Nikangoja. Akakanyaga tena bila kuambiwa. Likajibu. Akakanyaga mara ya tatu, ya nne, na nyuma ya lile bati nikamsikia mama mkwe wangu anacheka, kicheko kilekile cha Mwantumu cha sokoni, na mpaka siku ile sikujua kilikotoka.

Kesho yake hatukungoja. Mawingu yalikuwa yamefika juu ya vichwa vyetu. Nikaketi kwenye usukani, Bi Biasha akapanda nyuma, akakaa juu ya gunia akitazama tulikotoka, kaniki kichwani, na kuku kwenye tenga miguuni pake. Nilikibandua kioo kidogo cha kutazamia nyuma nikakitia mfukoni, isije kuwa lawama. Chini ya mlima wa Ruponda nikabadili gia, nikakanyaga. Mawe yakaruka. Kona ya kwanza. Kona ya pili, pale lilipomrudisha Mzee Abdala nyuma, nikakanyaga kwa ghafla kusudi, maana nilitaka kujua pale pale. Lilinyanyuka likapanda.

Mzee Abdala alikuwa barazani, amesikia sauti tangu chini. Mwantumu akatoka mlangoni na ungo mkononi, amekonda. Nilishuka nikatoa shikamoo.

"Marahaba. Sikulisikia likisita," Mzee Abdala akasema. Akalizunguka gari, akamwona dada yake kule nyuma, akatikisa kichwa kumsalimu. Kisha akanigeukia. "Sasa niambie. Isihaka alikimbia, amenieleza mwenyewe. Na Nandagala nzima haikubali kuligusa. Kazi hii inataka watu wawili. Nani alikukanyagia?"

Ningeweza kusema ni mpita njia. Ulimi wangu ulishalitengeneza jina lake na kabila lake. Mwantumu alikuwa ananitazama. Nikakumbuka kwamba nyumba ile niliingia kwa uongo, na kama nilitakiwa kutoka ni heri nitoke kwa kweli.

"Alikanyaga mama mkwe, mjomba."

Ungo ukamponyoka Mwantumu. Uso wa Mzee Abdala ukabadilika, na sikumlaumu. Mkwe na mkwe siku nzima mchana, peke yao, wanafanya kazi ya pamoja: wapo watu waliofukuzwa kwa machache kuliko hayo.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya gari. "Kuku wee, mwambie kaka yangu. Tangu tuanze mpaka tumalize, mie sikumwona mtu. Niliona bati. Bati liliniomba mguu nikalipa mguu. Kama bati ni mkwe wangu, kaka na aseme."

Mzee Abdala akafungua mlango wa dereva, akaketi kwenye kiti, akanyoosha kanzu yake.

"Inua boneti," akaniambia.

Nikainua, nikainama mahali pangu pa kazi.

"Adinani, upo hapo?"

"Nipo, mjomba."

"Unaniona?"

"Sikuoni, mjomba. Naona kabureta."

Na kwa kuwa bati lilikuwa juu, na nilikuwa nimeshajifunza faida yake, nikasema, "Mjomba, mimi si fundi. Nachingwea nilikuwa mshika taa tu."

Tone moja la mvua likanianguka shingoni, la pili likapiga bati. Nikasikia miguu yake inatafuta pedali. Akakanyaga, likajibu. Akakanyaga tena, kwa nguvu, kama mtu anayetafuta kosa, na gari likamjibu vilevile.

"Mwantumu," akaita. "Kachukue nguo zako, mwanangu, kabla mvua haijachanganya. Kuna mtu anakungoja kwenda kupanda."

Mwaka uliofuata, ufuta tuliukata kwa wakati, nikiwa na fundo la kitambaa kidoleni la kunikumbusha, na mwezi wa tisa Mwantumu akajifungua mtoto wa kike. Alipofikisha siku arobaini wakubwa wakatukutanisha. Walituketisha mimi na Bi Biasha kwenye mkeka mmoja, wakamwondoa kaniki usoni. Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, na ana kovu karibu na nyusi. Akanitazama kwa muda mrefu. Tulipaswa kusemezana, watu wanangoja, na wote wawili tulikaa kama mabubu, tukaangalia chini. Yule kuku alikuwa ameshakufa. Tukaishia kusalimiana, watu wakapiga vigelegele wakaenda kula.

Asubuhi yake nilikuwa uani nashughulikia ile ngozi ya gari aliloniachia Mzee Abdala, maana petroli huyalamba mafuta na kila miezi kadhaa nilipaswa kuiloweka upya. Nyayo zikaja. Safari hii hazikuzunguka kwa mbali. Alipita mbele yangu, akafungua mlango wa gari, akaketi, akaweka kichupa kwenye kiti.

"Inua boneti," akasema.

Nikainua. Akangoja mpaka bati likasimama wima kati yetu.

"Gari," akasema, "siku arobaini namtazama mtoto, najiuliza macho yale ameyatoa wapi, kwetu hayapo. Mwambie mtu, jana nimeyaona."

Nikaliambia gari kwamba mtu amesikia.